Zamu ya Jaha

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ulipokuwa umeshaanza kuingiza vumbi katika kila chombo chenye mfuniko na kisicho na mfuniko, Jaha binti Amiri alikuwa ameketi kwenye kigoda sebuleni kwake akifuta santuri kwa kitambaa cha flana. Alizifuta moja moja, akizungusha mkono taratibu kama marehemu mumewe alivyotaka zifutwe, kisha akazipanga katika kreti za soda alizoazima dukani. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Warithi walikaa kikao, wakazungumza bila kupandishiana sauti, wakakubaliana kwamba nyumba ya marehemu Mustapha, iliyokuwa mjini mahali ambapo siku hizi kila mwenye uwezo anataka kujenga hoteli, iende kwa mnunuzi, na mama ahamie kwa mwanawe Hashimu huko Nzuguni. Hashimu alikuwa ofisa wizarani. Alikuwa amejenga nyumba ya bati la bluu, akamtengea mama yake chumba chenye choo ndani na dirisha linalotazama mashariki. Ombi lake lilikuwa moja tu, naye alilileta kwa adabu: santuri zisije.

"Siyo kwamba tunazichukia, mama," alisema Salma, mke wa Hashimu, aliyekuja kusaidia kufunga mizigo. "Ila zikipigwa wale wanakuja na viatu vyao, na sebuleni kwangu nimetandika zulia jeupe."

Jaha alikubali kwamba zulia jeupe ni shida.

Santuri za Mustapha zilikuwa na tabia hiyo tangu zamani. Ukishaweka sindano, waliopiga muziki ule waliingia kwa mlango wa mbele, wakakaa penye nafasi, wakapiga hadi mwisho wa wimbo, wakaaga na kuondoka. Walikuja kama walivyokuwa siku ya kurekodi, awe yule aliyekwisha kuzikwa au yule ambaye bado yu hai mahali fulani na anakula pensheni yake. Enzi za uhai wake Mustapha alizipiga kila Jumapili alasiri, na Jaha alizoea kuweka jagi la maji kwa ajili ya wapiga tarumbeta, ambao siku zote walikuwa na kiu. Mara nyingine walikuja Wakongo, watu nadhifu wenye Kiswahili cha kubabaisha, lakini wepesi wa kusalimia. Mustapha alipofariki hakuna aliyeweka sindano tena. Gramafoni ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ikawekwa televisheni.

Mnunuzi wa santuri aliitwa Geofrey. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye ndevu zilizotunzwa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mikoani akinunua muziki wa zamani ili autoe upya kwa watu wanaoupenda, wa hapa nchini na wa nje. Hashimu alikuwa ameshaelewana naye kwa simu juu ya mzigo wote. Alifika Jumapili baada ya chakula cha mchana, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Jaha, kisha akaomba asikilize kila santuri kabla ya kuichukua, kwa sababu nyingine huwa nzuri kwa macho tu. Jaha aliona ni haki yake. Waliteremsha televisheni pamoja.

Basi mchana ule nyumba ilijaa na kupungua, ikajaa na kupungua. Geofrey alikaa karibu na gramafoni, sikio ameliinamisha, na bendi ilipoingia alisogeza miguu ili wapite. Alisikiliza mikwaruzo zaidi kuliko watu. Iliyomridhisha aliibandika karatasi ya kijani, ile yenye kasoro akaibandika ya njano, na wapigaji wake walipokuwa wakitoka aliwashukuru bila kuinua kichwa.

Ikafika zamu ya Zabibu Jazz, bendi ya Mustapha mwenyewe. Jaha aliweka vizuri kanga yake. Aliingia Mustapha, kijana mwembamba mwenye tai na nywele zilizochanwa zikachanika, akafuatwa na wenzake, na nyuma yao Adamu, mpiga gita la solo, ambaye alifariki katika ajali ya basi Hashimu akiwa bado ananyonya. Mustapha hakuwahi kuzungumza na mtu wakati wa wimbo. Alikuwa akitazama mbele, kule ambako watazamaji wangekuwa. Adamu alikuwa na tabia nyingine. Aliketi kwenye mkono wa kochi alilokalia Jaha, na tarumbeta zilipopokea, akapumzisha vidole.

"Shemeji," alisema, "ile yako mbona huipigi?"

"Ipi?"

"Ya Gulwe. Kila siku tunaitwa kwa hizi hizi. Ile iko kule nyuma, kwenye jalada la kaswida."

Jaha alitaka kumwambia kwamba ya Gulwe haikutoka, lakini tarumbeta zilikuwa zimemaliza sehemu yao na Adamu akarudi kwenye gita. Wimbo ulipoisha aliinuka na wenzake wakaenda.

Habari ya Gulwe ilikuwa hivi. Jaha alizaliwa Kondoa, katika nyumba ya Warangi wakulima na wachuuzi wa asali, na tangu udogoni ndiye aliyeongoza kaswida madrasani. Alipokuja Dodoma kukaa kwa shangazi yake, Mustapha alimsikia akiimba uani, akaenda kumwomba shangazi amruhusu binti aimbe na bendi. Shangazi alikubali kwa sharti kwamba asiimbe baa. Mwaka ule bendi ilipanda treni kwenda Dar es Salaam kurekodi. Mvua zilikuwa kubwa, maji yakala tuta la reli, treni ikasimama kituo cha Gulwe, na abiria wakakaa pale wakila mayai ya kuchemsha mpaka wakawajua watoto wa muuza mayai kwa majina. Hapo ndipo Jaha alipotunga wimbo wake, ameketi juu ya sanduku la ngoma, maneno na tuni vyote. Walipofika Dar waliurekodi. Halafu Mustapha akamposa. Muda mfupi baada ya harusi, alirudi kutoka posta akasema santuri zile zimevunjika zote njiani kutoka kiwandani Nairobi, na kwamba kwa vyovyote vile mke wa mtu hapandi jukwaani. Jaha alilia kidogo kwa ajili ya santuri zilizovunjika. Kisha akamzaa Hashimu na kazi zikawa nyingi.

Sasa aliinuka akaenda kwenye kabati, akapitisha mkono nyuma kabisa, akatoa jalada la kaswida lenye picha ya msikiti. Ndani yake mlikuwa na santuri ndogo. Haikuwa imevunjika. Haikuwa na vumbi hata la kufuta, kwa kuwa ilikaa mahali pasipofikiwa na upepo wala mtu. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina la wimbo, "Nisubiri Gulwe", na chini yake maandishi mengine: mtunzi na mwimbaji, Mustapha, akiwa na Zabibu Jazz.

Jaha alisoma akiwa amevaa miwani, akaivua, akasoma tena. Kisha akampa Geofrey, naye akaweka sindano.

Bendi iliingia kama kawaida, Mustapha mbele, Adamu nyuma. Wa mwisho kabisa aliingia msichana mwenye gauni la maua ya njano na viatu vyenye tope lililokaukia kwenye visigino. Alisimama katikati ya sebule, mikono ameifunga nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akaimba:

*Nisubiri Gulwe, maji yamekula reli,*
*sijachelewa kupenda, mvua imenichelewesha.*

Ilikuwa sauti ya kwenda juu bila kupiga kelele, yenye ukakasi kidogo mwishoni mwa kila neno, kama tunda ambalo bado siku moja liive. Geofrey alifumba macho. Jaha alikuwa akimtazama msichana kooni.

Katika ubeti wa tatu, katikati ya mstari, santuri ikaisha. Fundi mitambo wa siku ile aliukata hapo kwa sababu nafasi ilijaa. Wapigaji walichukua vyombo vyao wakatoka. Mustapha alitoka bila kugeukia upande wa kochi. Msichana alibaki pale pale, mdomo ukiwa wazi kwenye neno. Baadaye aliufunga.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Jaha.

"Sijamaliza."

"Naona."

Geofrey aliinua sindano, akaigeuza santuri kwenye mwanga, akasema hii ndiyo bora kuliko zote alizosikia tangu aanze kazi. Akaibandika karatasi ya kijani. Alimtazama msichana, ambaye alikuwa ameanza kukung'uta tope la viatu nje ya kizingiti, akauliza kama na yeye yumo kwenye mapatano.

"Huyu hauzwi," alisema Jaha. "Na hiyo santuri, naomba jina lirekebishwe. Aliyeimba ni mimi."

Geofrey alimsikiliza kwa heshima zote. Alisema anamwamini, na kwamba hata asiye na masikio angesikia kwamba ile si sauti ya mwanamume. Ila kazi yake ni kutoa upya kilichoandikwa kama kilivyoandikwa. Akianza kubadilisha moja, wote watakuja. Hashimu naye, alipopigiwa simu, alisema mapatano yalikuwa ya mzigo wote bila kubakiza, naye ameshatoa neno lake. Kreti zikapakiwa kwenye gari jioni ile, na ya Gulwe ikiwamo.

Kesho yake alikuja kuaga Kuluthumu, jirani wa ukuta kwa ukuta tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Alimkuta msichana akisonga ugali, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

Kuluthumu alivuta kiti akaketi. Alisema ule wimbo ulipigwa redioni msimu mzima wa mvua, asubuhi na jioni, mpaka wauza maji wakawa wanautembeza mitaani. Watu walisikia sauti ya msichana, wakasikia mtangazaji akitaja jina la mwanamume, na hakuna aliyeona tatizo.

"Mimi sikuusikia," alisema Jaha.

"Redio yenu ilikuwa kwa fundi. Mumeo aliipeleka mvua za kwanza zilipoanguka, na ardhi ilipokauka ndipo akaifuata. Sisi tulidhani unajua, ila unaona haya kujisifu."

Jaha aliukumbuka msimu ule. Aliukumbuka kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na alimsikia Hashimu akicheza tumboni.

Wakahamia Nzuguni, wote wawili. Salma hakuwa mtu wa makuu. Alimpa msichana dera na kandambili, akamtandikia godoro chumbani kwa mama. Mwenyekiti wa mtaa alipopita kuandika wakazi, aliambiwa ni mtoto wa ndugu kutoka Kondoa, na kwa kuwa hakuwa na kitambulisho aliandikwa kuwa mgeni. Kuitana majina kulikuwa kugumu siku za mwanzo, kwa kuwa wote walikuwa Jaha, basi wakaitana somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja. Somo mdogo alikuwa mcheshi, mvivu wa kuosha vyombo, mpenzi wa zabibu. Alimuuliza somo mkubwa kama aliendelea kuimba baada ya pale. Jaha alimjibu kwamba aliimba kumlaza mtoto.

Siku chache baadaye, msichana alikuwa akikanda unga wa chapati. Alisimamisha mikono, akanyoosha shingo, akaanza kuimba "Nisubiri Gulwe" tangu mwanzo, mpaka pale mahali pa kukatikia. Kisha akaendelea kukanda. Alipoulizwa alisema hakutaka kuimba, umekuja tu. Baadaye ilijulikana kwamba saa ile Geofrey alikuwa akiwapigia marafiki zake santuri hiyo huko Dar. Ilikuwa wazi: bendi ilirudi ilikotoka, lakini mwimbaji alikuwa amebaki Nzuguni, na popote wimbo ulipopigwa sauti ilibidi itoke kwake.

Mwanzoni haikuwa kazi kubwa. Aliimba mara moja asubuhi, pengine mara moja jioni. Halafu Geofrey akatoa toleo jipya lenye picha ya Mustapha kwenye jalada, amevaa tai, na wimbo ukaingia kwenye simu na kwenye redio, ukaingia kwenye maharusi, ukaingia kwenye bodaboda zenye spika. Kama watu wengi walianza kwa pamoja, kuimba mara moja kuliwatosha, lakini watu hawaanzi kwa pamoja. Msichana aliimba akifua. Aliimba akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na waliokuwa mbele yake wakampisha. Alimwimbia daktari wa meno, mdomo ukiwa na pamba. Siku ya hitima ya baba mdogo wa Salma aliimba kati ya akina mama waliokuwa wakisoma, nao wakasogea kumwachia nafasi, wakaendelea na Yasini. Chapati ziliungua mara nyingi. Alianza kukohoa.

Jaha alimpigia Geofrey simu kumweleza. Geofrey alisikitika. Alisema wimbo sasa uko mikononi mwa watu na hakuna awezaye kuwaambia wapumzike, lakini atamtumia mama nakala ya toleo jipya kama zawadi. Jaha aliuliza habari ya jina. Geofrey alisema jina liko vile vile kwa sababu karatasi ya santuri iko vile vile.

Ndipo alipokwenda kwa wakili. Hashimu hakupenda. Alisema marehemu ameshalala, jina lake ndilo lililobaki, na mtoto hawezi kusimama upande unaomvua baba yake nguo. Hakulisema kwa ukali. Alilisema akiwa amemshika mama yake mkono, halafu akampakia kwenye gari akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa wakili, akabaki garini.

Wakili aliitwa Ritha, mama wa makamo mwenye meza safi. Aliwasikiliza wote wawili. Wakiwa katikati ya maelezo mtu fulani mahali fulani akapiga wimbo, msichana akasimama akauimba mpaka pale unapokatika, na Ritha akaweka kalamu chini. Alisema hana shaka hata kidogo. Shida ni moja. Mahakama itauliza binti wa miaka kumi na tisa aliimbaje wimbo uliotoka kabla mama yake hajazaliwa.

"Basi niandike mimi," alisema Jaha. "Miaka ninayo."

Ritha akamwomba aimbe. Jaha aliimba mistari miwili. Sauti ilikuwa imeshuka na kupanuka, ina mchanga ndani yake, na haikufanana na ile ya kwenye santuri.

"Ndiyo hapo," alisema Ritha kwa upole. "Mwenye sauti hana miaka, na mwenye miaka hana sauti."

Aliwasindikiza hadi kwenye ngazi, na hakutaka malipo, akasema wimbo umetosha.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja barua ya mwaliko kwa Hashimu. Watu wanaopenda muziki wa zamani walikuwa wameandaa hafla mjini ya kuwatunuku waasisi wa dansi, na Mustapha alikuwa mmojawapo. Hashimu alinunua suti. Familia yote ilialikwa, basi Jaha na msichana nao wakaenda, wakapewa viti vya safu ya nyuma karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu safu za mbele zilikuwa za wageni rasmi. Hotuba zilikuwa nyingi. Mzungumzaji mmoja alisema Mustapha alikuwa na kipaji cha ajabu cha kuimba kwa sauti ya kike. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali.

Kisha picha ya Mustapha ikaonyeshwa ukutani, taa zikapunguzwa, na wimbo ukapigwa.

Msichana aliinuka akaimba. Sauti yake ilikuwa imeshachakaa, lakini aliishika, akaenda nayo juu. Mhudumu wa ukumbi, msichana wa rika lake aliyevaa kitenge cha sare, alimjia akamnong'oneza.

"Dada, naomba upunguze sauti. Unaingilia wimbo."

Msichana akapunguza. Kwenye spika nako sauti ikapungua, na fundi akaonekana akihangaika na vifungo vyake.

Wakati huo huo Mustapha aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa yule kijana mwenye tai. Alipita katikati ya meza akiinamisha kichwa huku na huku, watu wakimpigia makofi, akafika nyuma, akaketi kwenye kiti alichokiacha msichana. Tangu azikwe, Jaha alikuwa hajakaa naye karibu kiasi kile. Alinukia mafuta ya nywele.

"Mustapha," alisema Jaha, "kwa nini?"

Mustapha alitazama jukwaani.

"Karatasi ya katikati ilikuwa ndogo," alisema.

Msichana alikuwa ameingia ubeti wa pili.

"Kungekuwa na jina lako," Mustapha akaendelea, "wangekuita Dar. Wangekuita Nairobi. Mimi ningebaki na nani?"

"Ungebaki na mimi. Ningekwenda nao wimbo na ningerudi nao."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Mustapha alifikiri juu ya hilo, au alionekana kufikiri. Alinyoosha tai yake. Pale mbele Hashimu alikuwa amepanda jukwaani kupokea ngao ya baba yake, akaishika kwa mikono miwili, akawa analia. Jaha aliona mwanawe analia na hakumwonea hasira. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mustapha naye alisimama, akainama mara kadhaa, kwanza kuume, kisha kushoto.

"Wananiita Mwanza," alisema. "Kuna harusi."

Wimbo ukakatika katika ubeti wa tatu, naye hakuwapo.

Siku iliyofuata msichana aliamka bila sauti. Alifungua mdomo ikatoka hewa. Salma alimchemshia tangawizi na asali ya Kondoa, akamfunga shingo kwa kitambaa cha joto, akamkataza kazi. Kabla ya adhuhuri redio ya jirani ilianza kupiga "Nisubiri Gulwe", yakasikika magita na ngoma peke yake, na tarumbeta zikijibu mtu asiyekuwapo. Godoroni msichana alinyoosha shingo. Mishipa ilimtoka. Geofrey alipiga simu kutoka Dar. Alisema watu wanalalamika kwamba wimbo umekuwa mtupu, akauliza kama nyumbani kuna salama.

"Kuna salama," alisema Jaha. "Mtoto anaumwa koo."

Akakata simu. Wimbo ulikuwa umeanza tena mahali pengine, maana msichana alikuwa ameketi na mdomo wake ulikuwa unafunguka. Jaha aliketi kando ya godoro, akamfunika mdomo kwa kiganja, kama anavyofunikwa mtoto anayetaka kupiga chafya msikitini. Akaimba yeye. Alikosa pumzi kwenye mstari wa pili, akaipata kwenye wa tatu. Kwa jirani sauti ikaingia redioni, nzito, yenye mchanga, ikakaa juu ya magita ya wale vijana. Msichana akalala.

Tangu hapo wakagawana. Asubuhi na jioni ni zamu ya msichana, ambaye koo lake lilipona baada ya Idi. Kuanzia adhuhuri hadi alasiri ni zamu ya Jaha. Anaimba akichambua mchele, anaimba akimsubiri mtu wa maji, na Salma amezoea kuzima feni ili amsikie vizuri. Siku moja Salma aliuliza wimbo unaishaje, kwa kuwa kila anayeuimba anaishia katikati ya ubeti wa tatu. Wale wawili walitazamana. Mwisho wake wanaujua wote, lakini aliyemaliza wimbo huaga na kuondoka, na hakuna kati yao aliyekuwa na safari.

Toleo la Geofrey limechapishwa tena, na jalada ni lile lile. Ngao ya Mustapha iko sebuleni juu ya kabati la televisheni, na Hashimu huifuta mwenyewe kila Ijumaa. Wasikilizaji wameandika kwenye redio kutoka Singida na Iringa wakisema wamegundua jambo: wimbo ule ukipigwa mchana unakuwa mzito, kama mwimbaji amekula chumvi nyingi tangu asubuhi, nao wanaupenda zaidi hivyo. Mtangazaji wa kipindi cha mchana aliwasomea barua hizo. Akasema huo ndio ukubwa wa Mustapha, kwamba sauti yake inaendelea kukomaa hata baada ya kifo. Kisha akatangaza kwamba anaupiga.

Jaha alikuwa jikoni. Aliteremsha sufuria ya mlenda, akafuta mikono kwenye kanga, akasafisha koo, akaanza.